Kalenda iliyoipa ratiba saa 54 za bure

Kinu chetu cha nyuklia hapa Marekani huzimwa kila baada ya miezi 18 kubadilisha mafuta, na kazi haisimami usiku wala mchana. Safari hii Primavera P6, programu yetu ya kupanga ratiba, ikaonyesha kwamba kulegeza boliti za kifuniko cha riakta kuna nafasi ya saa 54, yaani kunaweza kuchelewa kiasi hicho bila kuchelewesha mwisho wa ratiba. Kazi hiyo haina nafasi hata ya kunywa chai!

Nikashuku viunganishi vinavyoonyesha kazi ipi inafuata ipi, nikavikagua zamu nzima bure. Mwishowe nikafungua safu ya kalenda, yaani siku na saa ambazo kila kazi inaruhusiwa kufanyika. Kazi inayofuata, ukaguzi wa kreni, ilikuwa imenakiliwa kutoka ratiba ya kawaida: Jumatatu hadi Ijumaa, mchana tu. Boliti zinamalizika saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi, kreni inangoja Jumatatu saa moja asubuhi. Pengo ndilo nililoliona.

Nikaupa ukaguzi kalenda ya saa 24, nikabonyeza F9 ili programu ikokotoe ratiba upya, nafasi ikawa sifuri. Pia nimeacha kutambua kazi nyeti, zile ambazo zikichelewa mradi wote unachelewa, kwa nafasi sifuri. Natumia mlolongo mrefu zaidi wa kazi zinazofuatana hadi mwisho wa mradi, maana kalenda zikichanganyika nafasi hudanganya. Msimamizi wa zamu aliuliza tu, "Wikiendi yetu imekwenda wapi?"