Kurasa 20 za Mkwaruzo

Chukua karatasi 5 za A4, zipange pamoja, zikunje katikati. Tayari una kijitabu cha kurasa 20. Kipe namba kila ukurasa kwa kalamu, halafu zifungue tena. Karatasi ya nje kabisa ina ukurasa wa 20 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 19 upande wa pili. Ya ndani kabisa ina wa 10 na wa 11. Kila upande utakaougeuza, zile kurasa mbili zilizolala pamoja ukizijumlisha unapata 21.

Hesabu hiyo nimeijua kwa hasara. Mwaka wa 8 huu natengeneza kadi za harusi na za michango hapa Mtwara, kwenye steshenari moja jirani na Soko Kuu, na kadi ya harusi haina ukurasa wa 19. Siku ya kwanza kuprinti dami, yaani nakala ya majaribio, ya jarida langu nilizituma kurasa kwa mfuatano, 1, 2, 3, kama mtu anayehesabu nazi. Nilipokunja, mpiga gitaa niliyemhoji ukurasa wa 8 aliulizwa swali, na jibu likawa bei ya nyuzi za gitaa Kariakoo.

Jarida lenyewe ni la muziki wa rock. Ndiyo, Mtwara. Sura mnazoweka nimeshazizoea. Mteja mmoja aliyefuata kadi zake za kipaimara aliona jalada kwenye kompyuta, akaniuliza kama huu si ndio ule muziki wa mashetani. Nikamwambia shemeji, mashetani ni hao jirani zako wenye spika ya singeli saa 8 usiku. Akacheka, akalipa, akaomba apunguziwe 2,000.

Watu wapo. Kwenye daftari langu nina majina 43: wapiga gitaa wa kwaya (hawa ndio wengi, na ndio wanaojificha zaidi), wanafunzi wa chuo, vijana walioletwa na kazi za gesi wakabaki, fundi redio mmoja wa Chikongola hapa hapa mjini, wawili Masasi, mmoja Lindi mjini ambaye kila wiki ananiuliza toleo la kwanza linatoka lini. Linatoka Novemba, kaka. Kusini hakuna kitu cha kuuzwa kabla korosho hazijalipwa. Wewe mwenyewe unajua.

Rock mimi nimepewa na Mjomba. Kwetu Wamakonde mjomba si mgeni wa sikukuu, ndiye mwenye neno. Wangu yuko Mikindani, ana miaka 72, na ujana wake aliumalizia kwenye malori ya Dar kwenda Zambia akiwa turniboi. Wenzake walirudi na mashuka na redio. Yeye alirudi na kaseti. Nilipokuwa darasa la pili nilikuwa najua kurudisha utepe kwa penseli kabla sijajua kuishika penseli vizuri.

Kilichokuwa kwenye kaseti hizo leo wenye kukusanya santuri wanakiita Zamrock. Zambia ya miaka ya 1970, vijana wa miji ya shaba walikuwa na pesa kidogo na magitaa ya umeme, na Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige muziki wa nyumbani kwa asilimia 95. Wakaona basi, tuupige wenyewe. Bendi ya WITCH, mwimbaji wake Emmanuel Chanda akijiita Jagari, kutoka kwa Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Amanaz. Paul Ngozi na kundi lake la Ngozi Family. Kisha bei ya shaba ikaanguka, pesa ikakauka, na miaka ya 1980 UKIMWI ukawapitia wanamuziki wengi. Jagari alibaki. Mwaka 2023 WITCH ilitoa albamu mpya, Zango, na nilipomsikilizisha Mjomba kwenye simu alinyamaza hadi wimbo wa pili, halafu akasema, "Kumbe hajafa."

Nami nilipoanza kupekua nikakuta hata sisi tulikuwa na chetu. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam. Albamu yao Ave Africa ilitoka mwaka 1976, na ilitokea huko huko Zambia. Hiyo ndiyo makala ya kwanza ya toleo la kwanza, ukurasa wa 4 na wa 5. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, nimempa robo ukurasa, nyuma. Najua alizaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946, najua wote mnataka awe jaladani. Kila mtu akisikia "rock" na "Tanzania" kwa pamoja anamtaja yeye, halafu mazungumzo yanaishia hapo. Mimi nataka yaanzie.

Jina lilitusumbua mwezi mzima. Nasema "lilitusumbua", mimi na fundi redio, ambaye amejiteua mhariri msaidizi bila kuulizwa. Yeye alitaka "Mwamba", maana ndiyo tafsiri ya rock. Nikamwambia mtu akiona jarida linaitwa Mwamba atadhani ni la kwaya, atalinunua, afike nyumbani akute mtu mwenye nywele hadi kiunoni. Tutarudishiwa. Ndipo nikamweleza habari ya Kerrang!, jarida la rock la Uingereza, lililoanza mwaka 1981: jina lile si neno, ni mlio wa gitaa la umeme linapopigwa kwa nguvu. Fundi akafikiri, akachukua spika iliyochanika juu ya meza yake, akaichomeka. Ikatoa ile sauti.

"Hii unaiitaje?" akaniuliza.

"Mkwaruzo."

Basi.

Na hapo hapo tukapata makala ya ukurasa wa 14. Gitaa la rock linakwaruza kwa sababu amplifaya inasukumwa kupita uwezo wake. Mawimbi ya sauti yanafika juu na kukatwa vichwa, na ile mikato ndiyo tunayoisikia. Lakini wengine hawakusubiri amplifaya izidiwe. Mwaka 1964 kijana wa Kiingereza, Dave Davies wa bendi ya The Kinks, alichukua wembe akachana karatasi ya spika yake ili gitaa litoke na ukali aliotaka. Fundi nilipomsimulia alishikwa na hasira kabisa. "Mimi watu wananilipa niwazibie, yeye kachana mwenyewe!" Anaiandika yeye makala hiyo. Itakuwa na mchoro wa spika, wembe, na onyo kwa wenye spika za kukodi.

Sasa niseme jambo lililonifanya nikae chini kuandika leo. Nilipoanza niliogopa lugha. Nilikuwa nimekaa na kamusi, najaribu kutafsiri yale wanayoandika wenzetu wa Marekani na Uingereza, na kila sentensi ikitoka kama maelezo ya dawa. "Sauti iliyopotoshwa ya ala ya nyuzi." Nani atasoma hiyo? Jioni moja kwenye bajaji dereva alikuwa na redio, mtangazaji anaeleza wimbo wa zamani wa dansi: huyu anacharaza solo, yule anakung'uta besi, kinanda kinapapaswa, halafu ngoja, chemko hilo linakuja. Nikajiona mjinga. Maneno yote ninayoyatafuta wazee wa dansi walishayafanyia kazi. Solo, ridhimu, besi, dramu. Kucharaza, kukung'uta, kupapasa. Bendi zetu zilikuwa na magitaa matatu yanayosemezana kabla mimi sijazaliwa. Mbaraka Mwinshehe alikwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, akicharaza gitaa ambalo hakuna aliyehitaji kamusi kulieleza.

Nilifuta kurasa 7. Sasa kanuni ya jarida ni moja: ukishindwa kulieleza gitaa kwa maneno ambayo mzee wa dansi angeyatumia baa, bado hujalisikiliza. Mwandishi wetu wa Masasi amenuna, kwa sababu alikuwa na maneno mengi ya kisomi. Atanunuka. (Yaani ataacha kununa. Kiswahili cha kwetu hicho, mniache.)

Jalada. Kila jarida la rock nililowahi kuliona ni jeusi, basi nami nikatengeneza jeusi tii, jina kwa nyeupe. Kwenye kompyuta lilikuwa zuri mno. Nikalipeleka kwenye duka moja la fotokopi hapa mjini, nakala 5 za majaribio. Zilitoka na michirizi ya kijivu kama pundamilia mgonjwa, na nilipokunja, wino wa unga ukabanduka kwenye mkunjo, mstari mweupe kutoka juu hadi chini, katikati ya uso wa mtu. Nilikunja nyingine taratibu kwa ukingo wa rula, ikabanduka taratibu. Msimu wa masika karatasi zetu za pwani zinavuta unyevu hadi zinalegea mkononi, mashine inazitafuna mbili mbili. Yule kijana wa mashine akanidai pesa za nakala zote 5, pamoja na zile zilizotafunwa.

Kiwanda chenye mashine kubwa kingefanya vizuri, lakini huko unalipia kutengeneza bamba la kuchapia kabla ya nakala ya kwanza, na bamba halijali kama unachapa 60 au 6,000. Mimi nachapa 60.

Nikaenda kulalamika kwa nafsi yangu, nikakumbuka jarida la muziki la Sniffin' Glue. Mwaka 1976, London, Mark Perry alikuwa na taipureta na kalamu ya wino mzito, akaandika vichwa vya habari kwa mkono, akatoa fotokopi. Hakupigana na mashine. Alichora kile ambacho mashine inakiweza. Fotokopi inaweza mstari mweusi juu ya karatasi nyeupe, hiyo inaijua kuliko kitu chochote. Na mistari ya namna hiyo, mikali, ya patasi, si ndiyo iliyojaa kwenye vinyago vyetu?

Wazo langu la kwanza likawa lipiko. Kinyago kile cha Kimakonde cha kuvaa kichwani, chenye chale usoni, na gitaa mkononi. Bendi za Ulaya na Marekani zinajipaka rangi na kuvaa mabarakoa ili watishe, mimi nina mapiko nyumbani! Nikachora, nikaona nimemaliza. Nikauchukua mchoro hadi Mikindani.

Mjomba aliutazama mchoro muda mrefu. Hakuninyanyulia sauti. "Mama," akasema, "lipiko linatoka kwa ruhusa. Wewe umeipata kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Mapiko ni mambo ya jando, na mwanamke hatakiwi hata kusema anamjua aliyemo ndani. Nilijaribu kusema siku hizi linachezwa hata mbele ya watalii. Akasema, "Hao wamepewa. Nimekuuliza wewe." Nikaukunja mchoro nikautia mkobani. Sijakubaliana naye kabisa, na nadhani anajua, lakini toleo la kwanza haliwezi kuanza kwa ugomvi na mtu aliyenipa muziki wenyewe.

Jalada sasa ni mkono. Mkono wa mtoto unaocharaza gitaa la galoni la mafuta, nyuzi zake ni waya wa breki ya baiskeli, zimechorwa nene hadi zinatoka nje ya ukurasa pande zote mbili. Kaka yangu alikuwa nalo gitaa hilo, alinikata nalo kidole. Jina tumelitoa kwa fundi wa mabango, yule aliyeandika nusu ya maduka ya Chikongola. Ameandika MKWARUZO kwa brashi iliyokauka makusudi, ili herufi zenyewe zikwaruze. Fotokopi imelitoa bila kosa hata moja. Picha ndani ni chache: wachangiaji wananitumia kwa WhatsApp, zimebanwa hadi mtu hana pua, na za kuokota mtandaoni si zetu.

Gharama, kwa waliouliza: kurasa za ndani ni karatasi 4, yaani pande 8, kwa shilingi 100 kila upande ni 800. Jalada la karatasi ngumu 600. Stepla zangu. Nitauza 2,500, na nauli ya basi ya mzigo wa Lindi na Masasi inatoka humo humo. Leseni ni habari nyingine. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka jarida liwe na leseni ya Idara ya Habari-MAELEZO, na fomu ninazo mezani. Hadi itoke, siuzi. Msinitumie pesa.

Jumapili nilimpelekea Mjomba dami ya tatu, iliyokunjwa sawa, kila ukurasa na mwenzake. Alisoma akiwa ameiweka mbali kama mtu anayesoma bango. Akafika ukurasa wa 6, habari ya magitaa ya Zambia, ambako kichwa cha habari ni neno moja lililochorwa na fundi wa mabango, LINALIA, limejaza ukurasa kutoka ukingo hadi ukingo.

Akaomba kalamu. Akalikata kwa mstari mmoja.

"Halikuwa linalia hili," akasema. "Lilikuwa linakoroma."

Ana haki. Nimelisikiliza tena usiku kucha na linakoroma. Lakini LINALIA ni herufi 7 na LINAKOROMA ni 10, hazikai kwenye ukurasa ule kwa ukubwa ule, na fundi wa mabango bado ananidai za kwanza.