Jumamosi Moja Bowman Gray

Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, aliujua uwanja wa Bowman Gray nje ndani. Alizaliwa hapa hapa Winston-Salem, North Carolina, akasoma Winston-Salem State, chuo kikuu kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi. Timu ya chuo hicho, Rams, huchezea uwanjani humo mpira wa Kimarekani. Kila msimu alikuwa jukwaani na jezi nyekundu, akipiga kelele hadi sauti inakauka. Lakini ile lami inayozunguka majani, ambayo Jumamosi za kiangazi hujaa magari ya mbio, hakuwahi hata siku moja kuiona ikitumika, ingawa ngurumo yake ilimfikia sebuleni.

Kiangazi cha 2013 nikamwomba anipeleke. Mimi mtoto wa Tanga, mbio za magari kwangu zilikuwa Safari Rally, tena ya kusimuliwa.

"Kule usiku si kwetu," akanijibu.

Hakunieleza zaidi, nami sikumchokonoa. Wiki iliyofuata akanigongea mlango mwenyewe, kofia ya Rams kichwani. "Twende, kijana. Ila tunakaa karibu na geti."

Njiani ndipo alipofunguka. Uwanja ulijengwa miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kwa mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi. Mjane wa Bowman Gray, bosi wa kampuni ya tumbaku ya R. J. Reynolds, alichangia fedha, na ndiyo maana una jina la marehemu. Mwaka 1949 Bill France, mwasisi wa NASCAR, chama kinachosimamia mbio za magari Marekani, na mwenzake Alvin Hawkins wakaanza kuendesha mbio pale kila wiki, na hazijakoma isipokuwa kwa vipindi vifupi. Richard Petty, dereva bingwa wa NASCAR, alipata pale ushindi wake wa mia moja, mwaka 1969. Hayo Mzee aliyasema harakaharaka, kama mtu anayesoma risiti.

Alipofika kwa Wendell Scott akapunguza mwendo wa gari. Scott alikuwa dereva mweusi na fundi wa magari kutoka Danville, Virginia. Mwaka 1952 alilivuta gari lake hadi Winston-Salem kushindana, wakamkatalia kwa rangi yake. Hakuacha. Mwaka 1963 alishinda mbio za ngazi ya juu kule Jacksonville, Florida, lakini bendera ya ushindi akapewa mzungu. Saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wameshatawanyika, ndipo waandaaji wakakiri kwamba walikosea kuhesabu mizunguko.

"Baba yangu alinisimulia ya hapa," Mzee akasema. "Nikaona basi, mimi na mpira inatosha."

Tukaingia. Watu weusi niliowaona ningeweza kuwahesabu kwa vidole, na kwenye maegesho bendera za Kusini, zile za waliopigania utumwa, hazikukosekana. Hakuna aliyetugusa wala kutusemesha vibaya. Mama mmoja wa kizungu aliyekaa mbele yetu alitugawia vizibo vya masikio, akatuambia bila hivyo kesho hatutasikia kitu.

Kumbe mbio zenyewe ni ugomvi. Njia ina urefu wa robo maili tu, na ni bapa kama meza, haina kona zilizoinuliwa. Magari yaliyoboreshwa, yale yenye matairi mapana yaliyo nje ya bodi, humaliza mzunguko kwa sekunde kumi na tatu hivi. Nafasi ya kupita hakuna, kwa hiyo anayetaka kupita humsukuma wa mbele kwa bampa mpaka ateleze. Ndiyo maana wenyewe wanauita uwanja huu nyumba ya wendawazimu. Nusu ya jukwaa humshangilia dereva, nusu humzomea yule yule, na anayezomewa hupunga mkono kwa furaha. Mtu aliyekulia katikati ya Simba na Yanga hahitaji mkalimani hapo.

Mzee alikaa kimya mbio mbili za kwanza, mikono kifuani. Gari moja la bluu lilipotangazwa, uwanja mzima ukazomea, akaniinamia.

"Huyu kafanya nini?"

Yule mama akageuka: "Anashinda mno."

"Basi ndiye wangu," Mzee akasema.

Zikiwa zimebaki raundi chache, gari la bluu likiongoza, likasukumwa kutoka nyuma, likazunguka na kugonga uzio. Watu wakalipuka kwa shangwe. Mzee akasimama juu ya benchi, kofia mkononi, akimtukana mwamuzi kwa maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kwenye mechi za Rams. Mzungu mmoja mwenye ndevu, safu ya nyuma, akamfokea akae chini. Mzee akamgeukia na kumweleza, kona kwa kona, kwa nini aliyesukuma alistahili kurudishwa mwisho wa mstari. Wakabishana mpaka taa za jukwaani zikaanza kuzimwa, na tulikuwa tumeshalisahau geti zamani.