Jina Kwenye Kona ya Ukuta

Kariobangi, karibu na mafundi wa chuma, kuna bucha moja ambayo ukuta wake umechorwa ng'ombe mwekundu aliyegeuza kichwa kana kwamba amesikia akiitwa. Ng'ombe huyo nilimchora mimi mwaka 2006, nikiwa na miaka 19, chini ya mkono wa mzee aliyenifundisha kazi ya kuandika mabango. Rangi imefifia na pembe moja imezibwa na stika ya kampuni ya simu, lakini kwenye kona ya chini, karibu na mlango, jina la mzee na nambari yake ya simu bado vinasomeka. Nilipita hapo wiki mbili zilizopita nikasimama kwa muda mrefu, kwa sababu kona ile ndiyo iliyonielewesha, baada ya miaka mingi, jambo ambalo nataka kila kijana anayechora jijini Nairobi alijue mapema kuliko nilivyolijua mimi.

Mzee hakuanza kazi yoyote kwa brashi. Aliupaka uzi chaki ya buluu, akanipa ncha moja niibane ukutani kwa kidole gumba, akaenda na ncha ya pili hadi mwisho wa ukuta, kisha akauvuta uzi katikati na kuuachilia. Ulipogonga ukuta ulitoa mlio mdogo mkavu, na ulipoondolewa palibaki mstari mwembamba ulionyooka kuliko rula yoyote. Juu ya mistari miwili ya namna hiyo alipima herufi kwa vidole: M ilipata vidole vinne, I ilipata kimoja, na nafasi kati ya herufi hakuipima kabisa, aliiona tu kwa jicho. Mkono wake wa kuume aliuegemeza kwenye fimbo yenye kitambaa kwenye ncha ili usitetemeke wala kugusa rangi mbichi. Jioni brashi zilioshwa kwa tapentaini, zikapakwa mafuta, zikalazwa chali ndani ya mkebe, na ole wake aliyezisimamisha kwa manyoya.

Zaidi ya hayo yote, nakumbuka jinsi alivyopatana na wateja. Mama mwenye hoteli angemwambia, "Fundi, wewe nichoree kwanza, tutaongea baadaye," naye angejibu kwa upole kwamba, "Mama, tuongee sasa, chaki ikishagusa ukuta mimi sina maneno tena." Alitoza kwa idadi ya herufi, akachukua nusu kabla ya kufungua kopo la rangi, na hakuondoka bila kuandika jina lake kwenye kona. Wakati huo niliona ni namna ya kujitafutia kazi nyingine tu. Aliniambia kwamba kabla ya hapo alikuwa akipamba kwa michoro zile gari za abiria ziitwazo matatu, hadi mwaka 2004 kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoyalazimisha magari yote ya abiria kuwa na mstari wa manjano na michoro ikatoweka barabarani, ndipo akahamia kwenye kuta. Leo michoro imerudi kwenye nganya, yaani matatu zilizopambwa sana, za njia za Rongai na Umoja kwa fahari kubwa, na wachoraji wake huweka majina yao pale pale mtu yeyote anapoweza kuyasoma.

Watu wengi hudhani kwamba sanaa ya Nairobi inaanzia kwenye majumba ya maonyesho. Kundi la Maasai Mbili la Kibera lilianzishwa mwaka 2001 na waandishi wawili wa mabango, Otieno Gomba na Otieno Kota, ambao walivaa kama Wamaasai wakizunguka mtaani kutafuta kazi ya kuandika maduka. Kutoka kwenye vibao vile walifika kwenye maonyesho ya kimataifa, wakaigeuza karakana yao kuwa mahali ambapo wachoraji wengine wa mtaa wamekulia. Mimi naona heshima kubwa katika asili hiyo, na sipendi kusikia mtu akisema "huyo ni wa mabango tu".

Nilimwacha mzee mwaka 2010. Mashine za kuchapa mabango ya vinili, yaani ya plastiki, zilikuwa zimejaa katikati ya jiji, na bango lililomchukua yeye siku mbili lilitoka kwenye mashine kwa dakika chache. Nilijifunza kompyuta, nikaanza kujiita dizaina, na kwa miaka kadhaa nilifanya kazi za nembo, kadi za harusi, kalenda na vifungashio. Katika kuhama huko niliacha nyuma mambo mawili bila kujua kwamba nimeyaacha: kupatana kabla ya chaki, na jina kwenye kona.

Mwaka 2013 kampuni moja ya kusaga nafaka, ambayo sitaitaja, iliniomba nichore picha ya pakiti ya unga wa uji. Nilimchora bibi akikoroga sufuria, mjukuu akiwa amesimama kwa ncha za vidole ili aone ndani, mvuke ukipanda kati ya nyuso zao. Ule mvuke ulinichukua usiku tatu. Niliukataa kila mara uliponyooka kama moshi wa kiwanda, mpaka nilipomtazama mama yangu akiipua uji nikaona kwamba mvuke hupinda kuelekea kwa mtu anayeinama. Nililipwa shilingi 18,000 kwa M-Pesa. Tulikuwa tumepatana kwa simu, na sikuwa na karatasi yoyote isipokuwa ankara ya mstari mmoja iliyosema "kuchora pakiti". Miaka mitatu baadaye nilikuwa nimekaa kwenye msongamano wa Jogoo Road, na mbele yetu palikuwa na lori ambalo ubavu wake wote ulikuwa bibi yangu na mjukuu wake. Baadaye niliwaona kwenye kalenda, kwenye aproni na kwenye pakiti za bidhaa nyingine tatu. Katika bidhaa mojawapo mjukuu alikuwa ameondolewa, na bibi alikuwa akiukorogea uji ukuta mtupu.

Nilikwenda kuwaona. Nilidhani kwamba, kwa kuwa nililipwa kwa pakiti moja, matumizi mengine yote ni wizi. Waliniambia bila ukali kwamba mchoro ni wao. Nilitoka nikiwa na hasira, nikatafuta ushauri, na hapo nikaambiwa nisome sheria mwenyewe.

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinasema kwamba hakimiliki huanza mikononi mwa mtunzi, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa yule aliyeiagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Maana yake ni kwamba anayechora kwa hiari yake nyumbani analindwa na sheria papo hapo, bila kusajili popote, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, ilhali dizaina anayechora kwa oda, ambaye ndiye wengi wetu, akinyamaza amekwisha kutoa. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya inasajili kazi za wasanii, na cheti chake ni ushahidi mzuri mbele ya mahakama, lakini cheti hakiwezi kukupa ulichokwisha kukabidhi kwa ukimya. Kilichobaki kwangu kilikuwa haki ya kimaadili iliyo katika kifungu cha 32, yaani haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi na kupinga kazi kuharibiwa kwa namna inayoumiza heshima yangu, ambayo haiondoki hata hakimiliki ikihama. Niliandika barua kuhusu mjukuu aliyeondolewa. Walimrudisha katika chapa iliyofuata, na fedha hazikuzungumzwa tena.

Tangu wakati huo sichori bila ukurasa mmoja. Nimeuandika kwa Kiswahili chepesi, kwa sababu wateja wangu wengi ni watu wa biashara ndogo na sitaki mtu atie sahihi asichokielewa. Unasema kwamba hakimiliki inabaki kwa mchoraji. Unataja mchoro utatumika wapi na kwa muda gani. Unasema matumizi mengine yatapatanwa upya. Na unadai nusu ya malipo kabla ya kazi kuanza. Mteja akitaka kuumiliki mchoro wote, sikatai, ila bei yake ni nyingine na huandikwa hapo hapo. Kampuni kubwa zikikata kodi ya zuio ya asilimia 5, ile inayozuiwa kwenye malipo yangu na kupelekwa serikalini, nadai cheti chake, maana nimewaona wenzangu wakilipa kodi hiyo mara ya pili kwa kukosa ushahidi. Wapo wateja waliosoma ukurasa huo wakaondoka. Katika mwaka wa kwanza waliondoka wanne, na mwezi mmoja wa mwaka huo nilikopa kodi ya nyumba.

Wachoraji wa turubai wana njia yao, na kwa upande mmoja sheria imewakumbuka zaidi: mabadiliko ya mwaka 2019 yaliwapa haki ya kupata asilimia 5 kazi yao inapouzwa tena kibiashara. Hilo lina uzito katika jiji ambalo Circle Art Gallery imekuwa ikiendesha minada ya sanaa tangu 2013, ambako mchoro ulionunuliwa kwa bei ya chini zamani huweza kubadilisha mikono kwa bei ambayo mchoraji hakuiota. Lakini ili mtu akufuatilie na kukulipa, lazima ijulikane nani alichora, lini, na aliuza kwa nani. Vituo vya sanaa vya jijini kama Paa ya Paa cha tangu 1965, Kuona Trust ya 1995 na GoDown ya 2003 viliwapa wasanii nafasi ya kufanyia kazi, na naamini kazi yao kubwa kuliko zote ilikuwa kuwaweka pamoja watu ambao wangeweza kuulizana mambo kama haya. Mimi niliyekuwa peke yangu na kompyuta chumbani sikuwa na wa kumwuliza.

Jumamosi iliyopita binti mmoja wa Kayole, ambaye amekuwa akijifunza kwangu tangu Januari, alipata mteja wake wa kwanza, mama mwenye hoteli ya chapati na madondo aliyetaka ukuta uchorwe kwa mkono wala si kwa vinili. Nilimsindikiza nikakaa pembeni na chai. Alimpa mama ukurasa ule, akamsomea polepole kwa sauti. Mama alimwuliza, "Kwa hivyo mwanangu, nikitaka kuuweka mchoro huu kwenye fulana za wafanyakazi nitakuita?" Binti akajibu, "Ndiyo mama, utaniita, tutapatana." Mama alifikiri kidogo, akafuta mikono kwenye leso, akatia sahihi, akahesabu nusu ya malipo kutoka kwenye mkebe wa kakao. Kisha binti alinipa ncha moja ya uzi wenye chaki ya buluu niibane ukutani, akarudi nyuma na ncha ya pili, akiwa tayari ameweka alama ndogo ya penseli kwenye kona ya chini, karibu na mlango.