Feni ya 504 na kaboni ya oltaneta

Watu wakisikia nina Peugeot 504 swali la kwanza ni "injini unatoa wapi?" Injini si shida jamani. Ile ya petroli ya cc 1971 iliendelea kutumika mpaka kwa 505, na pikapu za 504 ziliunganishwa hapa hapa Mombasa, kwa hivyo pistoni, gasketi, beringi, ukizunguka Kirinyaga Road (wazee bado wanaita Grogan) utapata tu. Kinachonikosesha usingizi ni vidude. Kaswichi, kampira, kaplastiki fulani kamevunjika na hakuna mtu amewahi kufikiria kukatengeneza tena.

Halafu yetu ni wagoni, ile ndefu ya safu tatu za viti, zile zilikuwa matatu za Nakuru na Kisumu enzi hizo. Ukisema "504" muuzaji anakuletea ya saluni, na nyuma hazifanani hata kidogo, saluni nyingi kila gurudumu la nyuma linajitegemea lakini wagoni ina ekseli nzima na springi nne, mbili kila upande. Siku hizi sisemi kitu, natoa spea kuukuu kwa mfuko naiweka kaunta ndio tuanze kuongea.

Wiki hii ilikuwa feni. Feni ya hii gari ina sumaku, inakaa kwa puli ya wota pampu na ikiwa maji bado hayajapata moto puli inazunguka peke yake, feni inajizungukia polepole tu, halafu joto likipanda swichi inapeleka stima kwa sumaku, sahani ya feni inavutwa, tak, inashika. Wafaransa walifikiria hii kitu zamani sana, Peugeot 404 ya kabla yake pia ilikuwa nayo. Sasa kuna fundi mmoja miaka ya nyuma alikaza zile bolti tatu za kurekebisha uwazi kati ya sahani na puli mpaka feni ikashikana na puli moja kwa moja, na mafundi wengi hufanya hivyo, gari haichemki ni kweli, lakini inanguruma kama posho mili na petroli inaenda bure.

Nikataka sumaku ifanye kazi tena, nikaulizia wota pampu nzima, nikaonyeshwa mpya kwa boksi linalong'aa, ndani hakuna sumaku. Puli tupu. Na bei yake ikanifanya nicheke.

Mzee mmoja wa gereji za huko chini ndiye aliniokoa. Hakuuliza maswali mengi, alichukua waya kutoka kwa betri akagusisha kwa sumaku, tak, akaniangalia. "Kijana wangu, sumaku ni mzima. Kaboni ndiyo imeisha." Kumbe kuna kaboni ndogo yenye springi inayosugua ringi nyuma ya puli kupeleka stima, na yetu ilikuwa imebaki kama kucha. Mimi nikasema basi tuchukue ya stata, ziko kila mahali. Akakataa, "Hapana, hiyo ina shaba, itakula ringi. Tafuta ya oltaneta, ile ya kuchaji betri." Tukapata ya oltaneta, ilikuwa kubwa kidogo, akaisugua kwa msasa juu ya kipande cha kioo ndio upande utoke umenyooka, anaijaribu, anaitoa, anasugua tena, mpaka ikawa inateleza ndani bila kucheza. Halafu uwazi wa sahani akaupima kwa fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia uwazi, kwa kila bolti kati ya zile tatu, na si kwa macho.

Waniuliza original au hapana? Kwangu mimi hiyo ni original kushinda ile ya boksi. Juzi kwa jam ya Waiyaki Way mshale wa joto ukapanda, nikasikia tak, ukashuka, nikazima redio makusudi nisikie tena.

Sasa nasaka mpira wa kioo cha mbele. Pikapu ina kioo hicho hicho, kwa hivyo kama kuna mtu anavunja pikapu ya 504 mahali, tafadhali asiukate na kisu.