Kutoka Mile 2 hadi Marina, juu ya maji ya Lagos

Siku ya kwanza nilikwenda kisiwa cha Lagos kwa danfo. Mwenyeji wangu, dada wa Kiyoruba niliyesoma naye, alinikataza kupanda treni yao mpya ya mjini kabla sijaionja barabara. "Ukianza na treni hutajua tumetoka wapi," akaniambia. Ilikuwa Mei 2024, mvua zimeanza, na Lagos nzima ilikuwa inanuka tope na mafuta ya dizeli.

Danfo ni daladala zao, za njano zenye mistari myeusi ubavuni. Konda ananing'inia mlangoni, anaita vituo kwa sauti iliyokwisha kukauka. Tulitoka Okokomaiko, anakokaa mwenyeji wangu, kukiwa bado giza. Tulipofika Mile 2 jua lilikuwa limechomoza, na safari yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mbele yangu alikaa binti aliyevaa malapa, viatu vyake vya ofisini vikiwa kwenye mfuko wa nailoni mapajani. Alilala akiwa ameegemeza paji la uso kwenye bomba la chuma la kiti cha mbele. Alipoamka, karibu na CMS, kituo cha mabasi cha kisiwani, alikuwa na alama nyekundu iliyonyooka juu ya nyusi, kama mstari uliopigwa kwa rula. Akatoa kioo kidogo, akaitazama ile alama, akaanza kupaka poda. Wala hakuonyesha kushtuka. Nadhani anaipaka kila asubuhi.

Nimekulia Gongo la Mboto, foleni hainitishi. Najua maana ya kutoka nyumbani watoto wamelala na kurudi wamelala. Lakini ile alama usoni mwa binti yule iliniuma, na ndiyo niliyokuwa nayo kichwani kesho yake tulipopanda ngazi za stesheni ya Mile 2.

Ili upite getini unahitaji kadi, na kadi yenyewe inaitwa Cowry. Ndiyo hiyohiyo inayotumika kwenye mabasi yao ya mwendokasi. Niliigeuza mkononi nikacheka kwa furaha, maana cowry ni kauri, simbi zile tunazookota ufukweni maji yakitoka. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, kampuni ya O'Swald ikiwa mojawapo, walikuwa wakizipakia melini Zanzibar, shehena kwa shehena, na kuzipeleka Afrika Magharibi, Lagos ikiwemo. Huko ndizo zilizokuwa fedha. Zilipelekwa nyingi mno hadi thamani yake ikaporomoka. Nikamweleza mwenyeji wangu kwamba nauli ya babu zake ilitoka kwetu. Akaigonga kadi yake kwenye mashine, geti likafunguka.

Treni ilifika, milango ikafunguka, tukaingia kwenye ubaridi wa kiyoyozi. Kutoka Mile 2 reli inakaa katikati ya barabara kuu ya Badagry, magari kushoto, magari kulia. Pembeni mwa njia kuna reli ya tatu, ndiyo inayobeba umeme, kwa hiyo pamezungushiwa uzio na watu huvuka kwa madaraja ya juu. Nje ya dirisha niliziona danfo zilezile za jana, zimesimama pua kwa mkia. Sisi tulikuwa tunakwenda.

Karibu yangu alikaa mzee wa kofia ya kitambaa, aina ya fila, aliyestaafu ukarani bandarini. Mwenyeji wangu alimwamkia kwa kupiga goti kidogo, kama ilivyo adabu yao. Nami nikainama, nikamwita Baba. Aliposikia nimetoka Dar es Salaam akauliza kama na sisi tuna treni ya namna hii. Nikamwambia tuna mabasi ya mwendokasi tangu 2016, na reli mpya ya umeme iko karibu kuanza, inayoingia katikati ya jiji juu ya nguzo. Akatikisa kichwa polepole. "Basi ilindeni, binti yangu," akasema. "Sisi yetu ya kwanza ilikufa tumboni."

Akanisimulia, na simulizi yake inalingana na iliyoandikwa. Lateef Jakande, gavana wa Lagos kuanzia 1979, aliona mapema kwamba jiji hili halitabebwa na barabara peke yake. Mwaka 1983 kazi ya reli ya mjini ilizinduliwa. Siku ya mwisho ya mwaka huohuo jeshi likapindua serikali, na Jenerali Muhammadu Buhari akashika nchi. Mwaka 1985 mradi ukafutwa, kwa hoja kwamba hali ya uchumi hairuhusu. Walipakodi wa Lagos, kwa hesabu inayotajwa siku zote, walipoteza zaidi ya dola milioni 78 kwa kitu ambacho hawakukipanda hata siku moja.

"Nilikuwa kijana," mzee akasema. "Nilipiga hesabu kwamba nitanunua kiwanja mbali, maana treni itakuja. Nikanunua. Treni haikuja."

Ninasema wazi kwamba kuufuta mradi ule lilikuwa kosa kubwa. Uchumi ulikuwa mbaya kweli, mafuta yameshuka bei, madeni yamepanda. Lakini waliosema wanaokoa fedha hawakuweka kwenye mizani saa za binti mwenye viatu kwenye mfuko, za mama yake na za bibi yake.

Mbegu ilirudi ardhini pole pole. Bola Tinubu, gavana kuanzia 1999, ndiye aliyeanzisha LAMATA, mamlaka ya usafiri ya jiji. Chini ya Babatunde Fashola ujenzi ukaanza, mkandarasi akiwa CCECC ya China, ukitarajiwa kwisha 2011. Fedha zikakatika, magavana wakabadilika, nguzo zikasimama miaka bila kitu juu yake. Hatimaye, tarehe 24 Januari 2023, kipande cha kwanza cha kilomita 13 na stesheni tano kilizinduliwa. Aliyekata utepe ni Rais Buhari, yuleyule. Abiria walianza kupanda tarehe 4 Septemba mwaka huo. Jakande alikuwa amefariki Februari 2021, akiwa na miaka 91.

Tulipopita Orile reli ikaanza kupanda. Hapo mazungumzo yalipungua, hata kwa watu ambao bila shaka hupita kila siku. Mabati yenye kutu yakashuka chini yetu, ikaja stesheni ya National Theatre, na jumba lenyewe likajitokeza, lile la FESTAC ya 1977, tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa Waafrika, lenye umbo la kofia ya askari. Kisha nchi kavu ikaisha.

Maji ya kijivu yalikuwa pande zote mbili. Kulia zilisimama winchi za bandari ya Apapa, kushoto daraja la Eko limejaa magari hadi ukingoni, na mbele maghorofa ya kisiwa cha Lagos. Mvuvi mmoja alikuwa amesimama kwenye mtumbwi, anakusanya wavu, hakuinua kichwa. Mzee aliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha, akakiacha hapo mpaka tulipofika ng'ambo.

Binti mmoja aliyesimama mlangoni alikuwa ameshavaa viatu vyake vya ofisini, visigino virefu, amevivaa tangu nyumbani. Nilimwangalia hadi akaniona, akatabasamu.

Marina tulishuka baada ya kama robo saa hivi. Jana ilikuwa asubuhi nzima. Mzee alituaga, akasema anakwenda kununua karanga kisha anarudi zake nyumbani. Hakuwa na shughuli nyingine mjini.

Jioni tulirudi kwa treni, ikiwa imejaa hadi milangoni. Awamu ya pili, ya kutoka Mile 2 hadi Okokomaiko, itakapokamilika njia itafika kilomita 27. Kwa sasa Mile 2 ndio mwisho. Wote tukashuka ngazi kwa pamoja, kulikuwa kunanyesha, na makonda walikuwa wanaita. Mwenyeji wangu akanishika mkono, tukakimbilia danfo ya Okokomaiko.