Pilipili panda, embe nunua

Anayetaka kujua kama kulima chakula chake mjini Lamu kunalipa, aanze kwa kuhesabu maji. Udongo wetu ni mchanga: unaumwagilia asubuhi, adhuhuri umekauka. Visima vingi vina maji ya chumvi, na mmea unaonyweshwa maji hayo huungua majani kuanzia kingoni. Ukinunua maji kwa dumu ili upate nyanya, umekula hasara. Nyanya na vitunguu viacheni sokoni.

Pilipili na mchicha vinafaa, tena kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Changanya mchanga nusu na mavi ya punda nusu, ambayo Lamu hayakosekani, lakini yawe yameoza. Mabichi huchoma mizizi na yamejaa mbegu za magugu. Yarundike kivulini, yalowanishe, yageuze kila wiki kwa miezi 3 hivi, mpaka yanuke udongo. Mchicha utauvuna baada ya wiki 3 au 4. Miche mitatu ya pilipili yatosha nyumba.

Faida kubwa iko kwenye kuhifadhi. Wakati wa kaskazi maembe ya Malindi hujaa, bei huanguka, na jua la kuyaanikia ni la bure. Hapo ndipo pa kutia achari ya mwaka.

Chagua maembe mabichi kabisa, magumu, yenye nyama nyeupe. Yakishaanza manjano ndani, achari itakuwa uji. Toa kokwa, ukate vipande na ganda lake. Kila kilo ya vipande tia chumvi gramu 100 na manjano kijiko cha chai, ufunike mpaka kesho. Mwaga maji yaliyotoka, tandaza vipande kwenye uteo, funika kwa shashi, uanike darini siku 2. Viingize ndani kabla ya magharibi: chumvi huvuta umande wa bahari, na vilivyokauka mchana vitalowa tena usiku. Kipande kilicho tayari kingo zake zimejikunja, na ukikipinda hakivunjiki.

Chemsha siki nusu lita pamoja na kitunguu thaumu, pilipili na bizari nzima. Sufuria isiwe ya alumini, siki huila. Soma karatasi ya chupa pia: asidi iwe asilimia 5, kwani siki hafifu haizuii kuoza. Chupa za kioo zichemshwe dakika 10 zikauke kabisa, na kifuniko kiwe cha plastiki, maana cha bati hushika kutu.

Tia vipande chupani, umimine siki hiyo ivifunike vyote. Hili ndilo linaloharibu achari za wengi: kipande kimoja kikichomoza juu, ukungu huanzia hapo. Ukiuona, usikwangue ukaendelea kula; mwaga chupa nzima. Kisipochomoza kipande, ngoja wiki 2, kisha uchote kwa kijiko kikavu.