Juni haina tarehe 31

Leo nimeshinda na tarehe. Tunaingiza kwenye mfumo orodha za chanjo za watoto kutoka zahanati za vijijini huku Chamwino, zilizochapwa kutoka kwenye madaftari. Mstari mmoja ulisomeka 31/06/2024.

Kosa lenyewe halinisumbui, mkono ukichoka huteleza. Kinachonikera ni jinsi programu inavyolipokea. SimpleDateFormat, chombo cha kusoma tarehe cha Java (lugha ya kuandikia programu), ukiiacha ilivyo, inaipokea tarehe hiyo bila kinyongo na kukupa Julai 1. DateTimeFormatter, chombo kipya zaidi cha kazi hiyohiyo kilichokuja na Java 8 mwaka 2014, nayo ukiiacha ilivyo inakupa Juni 30. Lugha ileile, mstari uleule, majibu mawili, na hakuna linalopiga kelele. Muuguzi huenda alikusudia 13, tarakimu zikapinduka. Huenda ni Mei 31. Anayejua ni yeye na daftari lake.

Kwa mtoto jambo hili si dogo. Chanjo ya Penta, inayokinga magonjwa matano, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tarehe ikisogezwa kimyakimya, mama ataambiwa arudi siku isiyo yake.

Kwa hiyo kwenye DateTimeFormatter nimeweka ResolverStyle.STRICT, yaani ukali unaoikataa tarehe isiyokuwepo, na kwenye kiolezo cha tarehe alama ya mwaka nimeiandika uuuu badala ya yyyy. Kwenye ukali huo yyyy hudai iambiwe pia kama ni kabla au baada ya Kristo, kwa hiyo hata tarehe halali hukataliwa. (Wengi hukata tamaa hapo na kurudia ulegevu. Jamani, msirudi.)

Ila kalenda peke yake haitoshi. 09/12/1961 kila Mtanzania anaijua kuwa ni Uhuru. Programu iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itasoma Septemba 12, na Septemba 12 ipo. Ndiyo maana mifumo inapopeana mafaili nataka 1961-12-09, mpangilio wa ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Muuguzi simlazimishi, aendelee kuanza na siku kama alivyozoea.

Mistari iliyokataliwa haifutwi. Inakaa kwenye faili lake kama ilivyochapwa, pamoja na jina la zahanati na namba ya ukurasa, ili mtu apige simu na daftari lifunguliwe. Mwenzangu anaona tunachelewesha kazi. Nimemwambia bora ichelewe. Kesho naongeza ukaguzi mwingine: chanjo isitangulie kuzaliwa, wala isiwe ya siku ambayo haijafika.